Anayenunua gari dogo ana haki ya kujua litamkinga vipi

Mkazi wa mjini aingiapo yadi ya magari kutafuta gari dogo la familia, maswali yake huwa yale yale. Je, linakunywa petroli kiasi gani? Limekwenda kilomita ngapi? Vipuri vyake vyapatikana kwa urahisi? Ni nadra kumsikia akiuliza: likigongwa, mimi na watoto wangu tutatoka salama?

Swali hilo ni la afya sawa na lile la malaria au maji safi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani orofa ya tatu hivi. Asiyejifunga mkanda huendelea mbele kwa kasi ile ile. Kifua hukutana na usukani, mbavu huvunjika na ini au mapafu huweza kupasuka. Magoti hugonga dashibodi na mfupa wa paja ukavunjika.

Wako wasemao kwamba gari dogo ni jeneza tu, hivyo hakuna haja ya kuuliza. Hiyo ni nusu ya ukweli. Naam, gari dogo likikabiliana na lori, litakaloumia ni lile dogo. Lakini magari ya ukubwa mmoja huweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Mwaka 1997, Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, ilitoa matokeo yake ya kwanza. Rover 100 ilipata nyota 1 tu. Mwaka 2002 Renault Mégane, gari la kawaida la familia, ilipata nyota zote 5.

Siri haikuwa ukubwa pekee. Waundaji waliimarisha sehemu wanamoketi abiria, wakaifanya pua ya gari ikunjike ili imeze kishindo, wakaongeza mifuko ya hewa na mikanda inayojikaza yenyewe ajali inapotokea.

Hapa Afrika mambo ni yayo hayo. Mwaka 2017 shirika la Global NCAP lilipima magari yaliyokuwa yakiuzwa Afrika Kusini yakiwa mapya. Katika kumkinga mtu mzima, Toyota Etios ilipata nyota 4, Datsun Go+ nyota 1, na Chery QQ3 haikupata hata moja. Mnunuzi angewezaje kujua kwa kutazama rangi na viti?

Kwetu Kenya, mengi ya magari madogo huja yakiwa yametumika Japani. Sheria hukataa gari lililopita miaka 8, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, umri pekee hautoshi. Chukua mfano wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali inayoijaza huharibika inapokaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu, kisha siku ya ajali mfuko hulipuka na kurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari duniani, Honda Fit yakiwemo, yaliitwa yarudi kurekebishwa, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa. Nani atamfikishia habari hizo mmiliki wa tatu wa gari kule Likoni?

Kwa maoni yangu, wakati umewadia kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) kulazimisha kila yadi kubandika karatasi kwenye kioo cha gari. Ionyeshe nyota ambazo gari hilo lilipata, idadi ya mifuko ya hewa, iwapo gari liliwahi kugongwa na mifuko ikabadilishwa, kwani kila mfuko hutumika mara moja tu, na iwapo liliitwa kurekebishwa na likarekebishwa.

Wafanyabiashara watadai kwamba bei itapanda. Karatasi haina gharama ya kutisha. Gharama ya kutisha ni ile ya chumba cha wagonjwa mahututi.

Nawe mnunuzi usingoje serikali. Andika nambari ya chesisi na umwulize mwakilishi wa kampuni iliyounda gari hilo kama liliwahi kuitwa kurekebishwa. Vuta kila mkanda, wa nyuma pia, uone kama unashika. Mfuko wa hewa haukuundwa kuchukua nafasi ya mkanda. Mkanda peke yake huweza kupunguza hatari ya kifo kwa walioketi mbele kwa karibu nusu. Na mtoto aketi nyuma, katika kiti kinachomfaa, wala si mapajani mwa mama.