Mazungumzo ya Vitabu: Mpelelezi na Mwenzake

Huko Diani, barazani baada ya alasiri, mwalimu mmoja aliwahadithia wenzake kitabu cha Mmarekani Dashiell Hammett, The Maltese Falcon, kilichotolewa mwaka 1930. Hammett mwenyewe alikuwa mpelelezi kabla ya kushika kalamu. Katika hadithi hiyo, Sam Spade agundua ya kuwa mwanamke ampendaye ndiye aliyemwua mshirika wake, Archer. Naye amtia mikononi mwa polisi.

Kijana mmoja hakuridhika. Alisema kwamba Spade hana moyo, na kwamba yeye humpenda zaidi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, ambaye hufumbua mafumbo kwa akili huku akivuta kiko chake.

Mzee mvuvi akamjibu, “Mwanangu, Spade hakumpenda huyo Archer, lakini walikuwa chombo kimoja. Mwenzio wa ngalawa akizama, huulizi kwanza kama mlipatana, utamtafuta.”

Kijana akanyamaza, kisha akamwomba mwalimu kitabu akakisome mwenyewe. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini ni wachache wauvutao unapoelekea kifuani mwao.