Dereva akisema gari haitoki, haitoki

Vijana wa Vanga, Jego, Lunga Lunga na Kwale yote, leo tuzungumze habari ya lori. Msipite haraka, jambo hili linawahusu nyinyi mnaopanda juu ya magunia.

Mto Umba ukishuka kutoka milima ya Usambara na kumwagika mashambani, simu huanza kulia. Kuna unga Likoni, kuna mchele Ukunda, kuna blanketi Msambweni, nani ana gari? Na gari hupatikana: kanta ya jumuiya, iliyonunuliwa kwa michango, ambayo hakuna anayekumbuka fundi aliiangalia lini. Inajazwa mpaka juu, kisha vijana kumi na tano wanarukia juu ya shehena, mmoja anarekodi laivu, na safari ya karibu kilomita 100 kutoka Likoni hadi mpakani inaanza.

Fanyeni hesabu. Kanta ya tani tatu inabeba magunia 60 ya kilo 50, basi. Vijana kumi na tano wa kilo 65 kila mmoja ni karibu tani nzima nyingine, na wamekaa juu kabisa, mahali ambapo uzito unalivuta lori kuanguka kwenye kona. Mkipakia mitungi ya maji ya lita 20, mia moja tu ni tani mbili tayari. Breki zilizotengenezwa kwa tani tatu hazijui kwamba hii ni sadaka.

Na likipinduka? Hapa wengi hawajui. Bima ya lazima ya Sura ya 405, ile ya kulipia watu wengine, hailazimishwi kumlipia mtu aliyebebwa bure kwenye gari. Abiria wa kulipa nauli yumo, na mfanyakazi aliyebebwa kwa mkataba wake wa kazi yumo. Kijana wa kujitolea aliyekaa juu ya gunia anaweza kujikuta hayumo kabisa. Akivunjika mgongo, ni harambee ya hospitali. Kwa hivyo wapakuaji wapande matatu, nauli itoke kwenye bajeti ya msaada, na ndani ya lori wakae watu wa idadi ya viti na mikanda, si zaidi.

Sasa tuje kwa dereva, maana hapo ndipo kwenye uzito. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kwamba pedali inazama, kwamba tairi la nyuma limeota nyuzi. Anasema, na anajibiwa: "Watu wana njaa, wewe unatuletea mambo ya breki?" Ananyamaza, anawasha gari. Sisi tunaopiga kelele kila siku kuhusu haki za wafanyakazi wa wengine, huyu ni mfanyakazi wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na inamkataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kama dereva wenu ni wa kujitolea, liandikeni jambo hilohilo kwenye kanuni za jumuiya: dereva akisema gari haitoki, haitoki, na hakuna mwenyekiti, mfadhili wala sheikh wa kulibadilisha neno hilo kwa simu.

Haki hiyo ina maana zaidi kwenye maji. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, na watu zaidi ya thelathini wakafa. Basi ni kubwa kuliko kanta yoyote ya jumuiya. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 60 yanatosha kubeba magari mengi, pikapu zikiwemo, na ukiwa ndani huoni kama barabara iliyo chini bado ipo. Umba ukiwa juu ya barabara, lori linasimama upande huu na magunia yanasubiri au yanatafutiwa mashua. Kuchelewa siku moja kunauma, lakini mji uliofurikwa hauhitaji kuongezewa maiti.

Hata mkipita maji ya chini, kazi haijaisha. Breki za ngoma zilizolowa hazishiki, zikaushwe kwa kuzikanyaga polepole gari likienda taratibu. Kesho yake fundi aangalie oili ya gia na ya difu. Ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe. Na hapa kwetu kuna chumvi. Gari linalolala karibu na bahari, halafu siku za katikati linakodishwa kubeba samaki na barafu inayochuruza, linaliwa kutoka chini. Mabomba ya breki hutoboka kwa kutu huku bodi ya juu ikiendelea kung'aa. Lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya kazi hizo.

Tairi la mtumba nalo lisomeni ubavuni: tarakimu nne, kwa mfano 2314, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata nzuri haifuti umri huo.

Mkifika, watoto watalikimbilia lori. Huo ndio wakati wa hatari kuliko barabara yote, hasa likirudi nyuma. Mtu mmoja ashuke kwanza asimame nyuma, dereva amwone kwenye kioo, na asipomwona asimamishe gari. Likishaegeshwa, hendibreki juu, kabari chini ya tairi, ufunguo mfukoni, ndipo turubai lifunguliwe.

Yote haya yana gharama, na wafadhili wanapenda kupigwa picha na magunia. Sijamwona aliyepigwa picha na pedi za breki. Mkianza kuweka kando hata shilingi 10 kwa kila kilomita, safari ya kwenda na kurudi inaacha takriban shilingi 2,000 kwenye mfuko wa matengenezo, mbali na dizeli. Dereva naye awe na daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichokaguliwa, kilichoharibika, nani ameambiwa. Kamati ikiitisha mkutano wa kupanga futari za Ramadhani, ombeni daftari hilo liletwe mezani kabla hamjasoma orodha ya vijiji.