Sifa Hazimlipii Mwalimu Bando

BARAZA YA IJUMAA
Na Abdalla Mwinyihija

Mwezi wa Februari mwaka 2018 zilienea duniani picha za mwalimu mmoja wa Ghana, Richard Appiah Akoto, ajulikanaye pia kwa jina la Owura Kwadwo, akiwa amesimama mbele ya ubao mweusi katika shule ya Betenase, mji wa Sekyedomase, mkoa wa Ashanti. Na juu ya ubao ule, kwa chaki za rangi, alikuwa amechora, mstari kwa mstari na kitufe kwa kitufe, ukurasa wa programu ya Microsoft Word kama uonekanavyo katika kioo cha kompyuta. Hakufanya vile kwa mzaha wala kwa kutafuta umaarufu. Shule yake haikuwa na kompyuta tangu mwaka 2011, ilhali mtihani wa taifa uliowangoja wanafunzi wake ulimtaka kila mtoto ajibu maswali ya somo la kompyuta, awe ameishika kwa mikono yake au hajapata kuiona. Na mwalimu, baina ya kuwaambia kwamba somo limeshindikana na kuwachorea kile ambacho hawakupewa, alikhitari kuchora.

Walimwengu walistaajabu, na haki yao kustaajabu. Kampuni ya Microsoft ilimwalika Singapore mwezi uliofuata, akapokewa kwa shangwe na walimu wenziwe wa nchi nyingi, na wahisani wa karibu na wa mbali wakaanza kuipelekea shule yake kompyuta.

Haukupita muda ikafika zamu ya Afrika ya Mashariki. Tarehe 24 Machi 2019, huko Dubai, Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora wa dunia pamoja na dola milioni 1. Shule ile ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kubahatisha, na kila mwalimu alikabiliwa na wanafunzi 58. Walakini katika kila vipindi kumi alivyofundisha, vinane alivifundisha kwa msaada wa TEHAMA, na tadbiri yake ilikuwa kwenda saiba, kupakua masomo aliyoyataka na kuyahifadhi, kisha kurejea nayo darasani yakasomwa pasipo mtandao. Wanafunzi wa shule hiyo walibuni kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakakipeleka katika maonyesho ya sayansi ya taifa ya mwaka 2018, na shule yao ya kijijini ikatoka ya kwanza miongoni mwa shule za umma. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya mshahara wake, asilimia 80, Bruda aliitoa kwa maskini.

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kwa kipimo hicho waungwana hawa wawili wamestahiki kila taji walilovikwa. Lakini methali hiyo humsifu mtoaji. Haimsamehe mwenye wajibu wa kutoa ambaye hakutoa. Kwa hiyo leo sikukusudia kuongeza sifa juu ya sifa, bali kuuliza jambo ambalo kelele za shangwe zililifunika: saa alizotumia mwalimu wa Betenase kuchora, na nauli na ada aliyolipa mwalimu wa Keriko kila alipokwenda saiba, zilikuwa deni la nani? Ikiwa dola imelifaradhisha somo katika mtaala wake na ikaliwekea mtihani, basi zana za somo lile ni juu ya dola, wala hazigeuki kuwa sadaka ya mwalimu kwa sababu tu mwalimu ni mkarimu. Sifa ni njema, ila zina hila hii moja, kwamba humwezesha mdaiwa kusimama safu ya mbele akipiga makofi pamoja na wageni, na hapana anayemgeukia kumuuliza.

Msomaji asidhani ninasema kwamba serikali zetu hazikutumia fedha. Zimetumia, tena nyingi. Nchini Kenya, katika uchaguzi wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kumpa kipakatalishi kila mtoto anayeingia darasa la kwanza; ahadi ni deni, na deni hilo likaanza kulipwa mwaka 2016 kwa vishikwambi zaidi ya milioni 1 vilivyopelekwa katika shule za msingi zaidi ya 21,000. Ni kazi kubwa, na mwenye insafu hataidharau. Hata hivyo, katika shule nyingi vifaa hivyo viliishia kulala kabatini chini ya kufuli, na sababu zake hazikuwa za ajabu: mkuu wa shule aliyekabidhiwa mali ya umma na kuambiwa kwamba kikiibiwa au kikivunjika atajibu yeye, ataona salama yake ni kukifungia; na mwalimu aliyepewa mafunzo ya siku chache, kisha akaachwa peke yake mbele ya watoto wengi na chombo asichokizoea, ataona heri arudie chaki, ambayo haizimiki katikati ya somo.

Kwetu Tanzania ilipitwa njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni ya busara zaidi, pale vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu. Waliopitisha shauri lile walitambua kwamba kifaa huanza kwa mwalimu ndipo kimfikie mtoto, nami nawapa haki yao. Lakini kishikwambi pasipo bando ni kioo cha kujitazamia, na walimu wengi, baada ya kukipokea kwa furaha na kupigwa nacho picha, waligundua kwamba bando, umeme wa kukichaji mahali usikofika, na fundi wa kukitengeneza kikipata hitilafu, vyote vimebaki mfukoni mwao, katika mshahara uleule uliokwisha gawanywa kabla haujapokewa.

Najua yuko atakayenijibu kwamba zama za kumtegemea mwalimu zinapita, na hoja yake ataitoa hapa hapa nyumbani, mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, watoto takriban 3,000 wa vijiji karibu 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vilivyotiwa masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, ili ijulikane kama mtoto aweza kujifundisha mwenyewe pasipo mwalimu. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; muda ulipokwisha, idadi ya wasioweza kusoma neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu, na mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana ushindi. Habari hii ni ya kheri, nami siibezi. Mtoto aliyekuwa hana shule akapata herufi, amepata kitu adhimu. Lakini tuisome habari yote, tusiisome nusu. Kupungua kwa nusu maana yake nusu nyingine ilibaki pale pale, na kwa hao hapakuwa na mtu wa kuuliza wamekwama wapi. Tena hata hiyo nusu iliyofaulu haikufaulu kwa kifaa kitupu: palijengwa vituo vya kuchajia kwa nishati ya jua, na masomo yaliandikwa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, jambo ambalo mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza, anayefungua intaneti akakuta elimu yote imefungwa ndani ya Kiingereza, hajalipata hadi leo. Dawa iliyomfaa asiye na mwalimu kabisa haiwi hoja ya kumpuuza mwalimu aliyepo.

Na lau kama tumesahau jinsi chombo kipya kinavyotiwa katika elimu ya umma, hatuna haja ya kwenda ughaibuni kujifunza, maana tulikwisha kulifanya sisi wenyewe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Redio ndiyo iliyokuwa teknolojia ya siku zile, nayo ilifikisha sauti moja kwa watu wazima wapatao milioni 2. Lakini kabla ya sauti hiyo kupanda hewani walikuwa wamekwisha funzwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na vitabu vimekwisha chapwa, hata ikawa katika kila kikundi yupo mtu anayejua kipindi cha leo kinasema nini, anayesoma kitabu kwa sauti, anayeongoza mazungumzo, na anayewauliza wenziwe, kipindi kikiisha, ni nani kesho atakayeshika jembe kuchimba choo. Waliopanga kampeni ile walikuwa na fedha chache kuliko sisi, na sehemu kubwa ya tadbiri zao waliielekeza kwa mtu atakayekaa baina ya redio na msikilizaji. Sisi tuna fedha zaidi, na mtu huyo ndiye tunayemkumbuka mwisho.

Nasema haya kwa sababu ustadi ambao zama hizi zinaudai si wa kubofya tu. Kubofya watoto watajifunza wao kwa wao, na aghalabu watatufunza na sisi. Lililo gumu ni kupambanua. Sisi wa mwambao tumelelewa katika vyuo ambamo mwanachuoni haipokei riwaya mpaka aulize isnadi yake: nani kaipokea kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa kusadikiwa au la. Ustadi huo wa kale ndio hasa anaouhitaji mtoto anayesikia katika simu ya mama yake sauti isiyo na mwenyewe ikieleza dawa ya kuponya kisukari kwa siku saba, au anayeiuliza akili unde swali la historia nayo ikamjibu, kwa lafudhi ya yakini isiyo na kigugumizi, jambo ambalo halikutokea. Mwalimu wa historia aweza kuchukua jibu moja la namna hiyo, akaliandika ubaoni, na kuwataka wanafunzi waligawe: hili tumelikuta katika kitabu, hili tumemuuliza mzee wa mtaa akalithibitisha, na hili halina mtu wa kulidhamini. Somo hilo halihitaji kishikwambi kwa kila mtoto. Lataka simu moja, ubao, na saa nzima ya mabishano yenye adabu. Lakini lataka pia mwalimu aliyepata wasaa wa kuliandaa, na mwalimu mwenye vipindi tangu asubuhi hadi jioni na madaftari ya kusahihisha hadi usiku wa manane, wasaa huo ataupata wapi?

Kwa hiyo nasaha yangu ni nyepesi kutajwa, ingawa si nyepesi kulipiwa. Kwanza, bando la mwalimu lihesabiwe kama chaki, yaani zana ya kazi inayotolewa na mwajiri. Pili, mwalimu apunguziwe vipindi, hata viwili kwa wiki, akae na mwenzake anayejua zaidi, wafundishane pale pale shuleni, maana semina ya siku mbili mjini husahaulika kabla posho haijaisha. Tatu, itamkwe kwa maandishi kwamba kifaa kilichovunjika mikononi mwa mtoto akijifunza si taksiri ya mkuu wa shule, ili makabati yafunguliwe.

Karibuni Waheshimiwa watakaa Dodoma kupitisha bajeti, na watasomewa idadi ya vishikwambi na kompyuta zilizonunuliwa na zitakazonunuliwa, na watapiga meza kwa ridhaa. Nawaomba, kabla ya kupiga meza, mmoja wao asimame amuulize Waziri: fedha za bando, za matengenezo, na za muda wa mwalimu ziko katika fungu gani? Akijibiwa kwamba ziko, atutajie kiasi tukihifadhi. Akijibiwa kwamba hazipo, basi ajue kwamba manunuzi yanayosomwa siku hiyo yatalipiwa mara mbili, mara ya kwanza na Hazina, na mara ya pili na walimu wa jimbo lake, ambao hawakuulizwa.