Mbwa wa kuswaga mifugo: Mchezo unaoweza kumlipa mfugaji wa Ufipa?

UKIPITA Kaengesa, Sumbawanga Vijijini, jioni ya msimu wa mvua, utakutana na ng'ombe na mbuzi wakirudi zizini kwa njia nyembamba zinazopita kati ya mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Mbele yuko mtoto mmoja, nyuma yuko mwingine mwenye fimbo, na pembeni wapo mbwa wawili watatu wanaonusa vichaka. Watoto wako kazini. Mbwa wanatembea tu.

Mbwa hao wanakula kila siku. Kwa lugha ya uchumi, ni mtaji uliolala. Makala haya yanauliza swali moja: je, mkulima au mfugaji mdogo wa uwanda wa Ufipa anaweza kumfundisha mbwa aliyenaye nyumbani akasaidia kuswaga mifugo, na je, itamlipa?

Swali hili linaweza kuonekana la mzaha, kwa sababu katika nchi nyingi jambo hili linafahamika kama mchezo wa mwisho wa wiki. Lakini ni mchezo uliozaliwa na kazi, na historia yake ina somo kwetu.

Mchezo ulianzia kazini

Oktoba 9, 1873, katika mji mdogo wa Bala huko Wales, wachungaji walikusanyika kushindanisha mbwa wao mbele ya umati. Mshindi alikuwa Mskoti aliyeitwa James Thomson, na mbwa wake aliitwa Tweed. Mwaka 1906 kikaundwa chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo, International Sheep Dog Society, ambacho kipo hadi leo.

Mashindano hayo yaliwapa wachungaji kipimo cha pamoja. Kabla yake kila mtu alidai mbwa wake ndiye bora kijijini. Kwa mashindano, mbwa hupewa alama: katika mfumo wa chama hicho, kuzunguka hadi nyuma ya kundi ni alama 20, kuliondoa kundi lilipo kwa utulivu 10, kulileta kwa mchungaji 20, kuliswaga mbali naye 30, kutenga baadhi ya kondoo 10 na kuwaingiza zizini 10. Jumla ni 100.

Walioshinda ndio waliotafutwa kwa mbegu. Mbwa mmoja dume aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kaskazini mwa Uingereza na kufa mwaka 1901, anahesabiwa kuwa baba wa aina nzima ya mbwa wa kuswaga inayojulikana leo kama Border Collie. Hakuchaguliwa kwa rangi wala masikio. Alichaguliwa kwa sababu aliendesha kondoo kwa upole, bila kubweka na bila kuuma.

Siku hizi Ulaya, Marekani na Australia wapo watu wa mijini wasio na hata mbuzi mmoja ambao huwapeleka mbwa wao wa nyumbani kwa wenye kondoo kujifunza kuswaga, na hulipia muda huo. Mwenye kondoo anauza sufu na nyama, na Jumamosi anapata kipato cha ziada.

Hesabu ya Australia

Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha hesabu ya thamani ya mbwa wa kuswaga. Walikadiria kwamba mbwa wa kawaida humgharimu mwenye mifugo dola 7,763 za Australia katika maisha yake yote, pamoja na kununuliwa, chakula, matibabu na mafunzo. Kazi anayofanya ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 40,000 hivi. Yaani kila dola moja inarudisha zaidi ya dola tano.

Ndiyo maana mbwa aliyefundishwa ana bei kubwa huko. Februari 2021 mbwa jike aliyeitwa Kim, mwenye umri wa mwaka mmoja, aliuzwa Wales kwa pauni 27,100.

Ndugu msomaji, usikimbilie kuuza ng'ombe ili ununue mbwa wa kizungu. Hesabu hizo ni za mashamba yenye uzio, makundi ya mamia ya kondoo na vibarua wa gharama kubwa. Kaengesa haina hayo. Lazima tufanye hesabu yetu.

Tofauti zetu

Kwanza, mifugo yetu ina tabia nyingine. Kondoo wa Ulaya wakitishwa hujikusanya pamoja, na mbwa hutumia woga huo kuwaongoza. Mbuzi wetu wakitishwa wanaweza kutawanyika. Ng'ombe wa kienyeji mwenye ndama hamkimbii mbwa, humfuata kwa pembe. Mbwa asiyefundishwa akikimbiza ng'ombe mwenye mimba anaweza kusababisha mimba kuharibika, na hapo hasara inazidi faida ya miaka mingi.

Pili, hatari za kila eneo hutofautiana. Katika maeneo yenye fisi, chui au simba, mfugaji anahitaji zaidi mbwa wa kulinda kuliko wa kuswaga. Hizi ni kazi mbili tofauti. Mbwa wa kulinda hukulia ndani ya kundi tangu akiwa mdogo, akaliona kundi kama ndugu zake. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Anatolia, Uturuki, tangu mwaka 1994. Hapa Tanzania, mwaka 2013 mradi wa Ruaha Carnivore Project ulianza kuwapeleka mbwa wa aina hiyo kwa wafugaji wa Kibarabaig katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Tatu, hali ya hewa. Uwanda wa Ufipa una baridi na mbwa hufanya kazi bila kuchoka haraka. Ukiteremka bonde la Ziwa Rukwa, joto ni kali, na penye mbung'o mbwa naye hupata ugonjwa wa nagana kama ng'ombe. Mbwa wa kienyeji amezoea mazingira yake. Wa kuagizwa atakuwa na gharama ya daktari kila mara.

Gharama na faida

Tuchukue mfano wa kaya yenye ng'ombe sita na mbuzi 20. Huu ni mfano tu, kila mmoja aweke bei za kijijini kwake.

Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15 hadi 20 anahitaji kama gramu 250 hadi 300 za unga kwa siku. Kwa mwaka ni gunia moja la mahindi la kilo 100, au zaidi kidogo. Ugali mtupu hautoshi, hivyo ongeza dagaa wa Ziwa Tanganyika au mabaki ya nyama iliyochemshwa. Ongeza chanjo, dawa ya minyoo na ya kupe. Tukadirie yote hayo kuwa sawa na nusu gunia. Jumla ni gunia moja na nusu kwa mwaka.

Mafunzo ya dakika 20 kwa siku kwa miezi mitatu ni saa 30, yaani kama siku tano za kibarua. Hizo hulipwa mara moja tu.

Faida yake inategemea msimu. Baada ya mavuno mifugo hula mabua mashambani na mchungaji mmoja anatosha. Tatizo ni kuanzia Novemba hadi Aprili, mazao yakiwa shambani. Hapo kundi dogo tu huhitaji watu wawili, mmoja mbele na mwingine wa kuzuia pembeni. Ikiwa mbwa atachukua nafasi ya mtu wa pili kwa nusu tu ya siku hizo 180, anaokoa siku 90 za kazi kwa mwaka. Pima mwenyewe: je, siku 90 za kazi zina thamani kuliko gunia moja na nusu la mahindi? Kwa anayelipa kibarua, jibu ni rahisi.

Lakini wengi wetu hatulipi kibarua. Mtu wa pili ni mtoto wa nyumbani, na kwa kuwa halipwi, mfugaji huona kazi yake ni bure. Si bure. Tangu ada ya shule ifutwe hadi kidato cha nne, kuanzia mwaka 2016, kikwazo kimoja kinachobaki kwa mtoto wa mfugaji ni muda wake. Asubuhi moja ya kuzuia mbuzi wasiingie kwenye maharage ya jirani ni asubuhi moja bila hesabu na kusoma. Gharama hiyo haionekani sokoni leo, inaonekana miaka kumi baadaye.

Aidha, ipo fidia. Ng'ombe wakiingia shambani kwa dakika chache, kesi huenda kwa mtendaji wa kijiji, fedha hutoka na ujirani huharibika. Nchi hii imekwisha shuhudia ugomvi wa wakulima na wafugaji ukifikia kumwaga damu. Mbwa mmoja hawezi kumaliza ugomvi wa ardhi, lakini anaweza kuzuia mbuzi mmoja asivuke mpaka.

Namna ya kuanza

Vijana wa Ufipa wanajua kufundisha maksai kuvuta plau na mkokoteni. Anayeweza kumtuliza dume la ng'ombe kwenye nira ana subira ya kutosha kumfundisha mbwa. Samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo anza utii mapema, mbwa akiwa na miezi michache: aje akiitwa, alale akiambiwa, aache akikatazwa. Mafunzo ya mifugo yenyewe yaanze akikaribia mwaka, akiwa na mbio na akili.

Usianze na ng'ombe. Anza na bata watano au sita ndani ya uzio mdogo wa matete. Bata hutembea kwa pamoja, hawamuumizi mbwa, na wakufunzi wengi duniani huwatumia. Mfunge mbwa kamba ndefu. Silika yake ni ile ya mwindaji: kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata. Kazi yako ni kumruhusu afanye mambo matatu ya mwanzo na kumkataza la nne. Akiuma, kazi isimame pale pale. Mbwa asiyeacha kuuma baada ya wiki kadhaa abaki kuwa mlinzi wa nyumba.

Tumia maneno machache yasiyobadilika: lala, taratibu, kushoto, kulia, inatosha. Wewe ukiwa upande huu wa kundi, mbwa ajifunze kwenda upande wa pili, ili mifugo iwe kati yenu. Akilielewa hilo, kazi kubwa imekwisha.

Kipigo hakifai. Mbwa anayeogopa fimbo humkimbia mwenye fimbo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili. Pia usiingie na mbwa katika hifadhi ya wanyamapori, maana huko atahesabiwa kuwa mbwa wa kuwindia.

Chanjo kwanza

Kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo halina mjadala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote hupata ugonjwa huo kwa kuumwa na mbwa. Watoto ndio wahanga wakubwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa hufa. Mbwa anayefanya kazi na watoto na mifugo bila chanjo ni hatari iliyofugwa.

Mbwa achanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hali kadhalika minyoo. Ipo tegu ya mbwa ambayo mayai yake yakiliwa na mbuzi au kondoo kwenye majani, hukua ubongoni na kumfanya azunguke mahali pamoja hadi afe. Wafugaji huita ugonjwa huo kizunguzungu. Mpe mbwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na usimpe kichwa kibichi cha mbuzi. Bila hivyo mbwa wa kukuletea mbuzi nyumbani ndiye atakayewamaliza.

Nani aanze?

Hapa ndipo mchezo unaporudi. Mfugaji mmoja akimfundisha mbwa wake peke yake, jirani ataona ni kituko. Kijiji kikiandaa mashindano baada ya mavuno, Juni au Julai, uwanja ukiwa wazi, vijana watakuja na mbwa wao. Sharti la kuingia liwe moja: cheti cha chanjo. Zawadi si lazima iwe kubwa. Beberu mzuri au mfuko wa chumvi ya mifugo unatosha. Washindi wanaweza kuonyeshwa Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mahali ambapo hadi sasa mbwa huonekana akizurura, si akifanya kazi.

Wafanyabiashara wadogo nao wasikae pembeni. Mwenye duka la pembejeo atauza dawa za minyoo na kupe, mwenye mashine ya kusaga atauza pumba na unga wa daraja la chini, na kijana mwenye kipaji atauza mbwa aliyefundishwa, bidhaa ambayo leo haipo sokoni. Hata wasomaji Waislamu wanafahamu kwamba mafundisho ya dini yao yanamtofautisha mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwindia na yule anayefugwa bila sababu.

Sishauri mtu akope fedha kwa jambo hili. Gharama ya kujaribu ni bata sita, kamba, chanjo na dakika 20 kwa siku. Mbwa akishindwa, umebaki na mbwa mtiifu aliyechanjwa, na bata. Akiweza, msimu ujao wa mvua ng'ombe watarudi zizini na mtu mmoja na mbwa mmoja, na mtoto wa pili atakuwa darasani.