Kabla ya Kulipia Mzigo, Tuulizane Nyumbani

Jirani yangu mmoja hapa Muscat, mama wa rika langu, alikuwa akingoja mzigo kutoka kwa binti yake aliyeko Uingereza. Asubuhi moja ikaingia mesiji kwa Kiingereza, yenye jina la posta: mzigo wako umekwama, anuani haikukamilika, lipa baisa 950 ndani ya saa 24 la sivyo utarejeshwa. Mama wa watu akabonyeza, akaandika namba za kadi. Ikaja namba ya siri kutoka benki, akaiandika nayo. Chai haijapoa, riyali 340 zimeshaondoka.

Mzigo wenyewe ulifika siku mbili baadaye, salama, bila ya kulipiwa hata baisa moja.

Hatumwelezi ili achekwe. Sisi ni watu tuliotawanyika, na kila nyumba ina kitu chake njiani: viungo na kanga kutoka Unguja, nguo za Idi kutoka Dubai, zawadi ya mjukuu kutoka London. Tapeli hajui nani anangoja nini. Anapeleka mesiji ile ile kwa maelfu ya namba, naye ana hakika kwamba baadhi yao wanangoja mzigo kweli. Na zile baisa ni chambo tu, kwani nani atagombana kwa baisa 950? Anachotaka ni namba za kadi, na zaidi ile namba ya siri ya mara moja. Akiipata, hununua apendacho, au huitia kadi yako ndani ya simu yake akalipia madukani kama kwamba ni yake.

Polisi wa Oman na posta yenyewe wameshatahadharisha mara nyingi, na watu bado wanaibiwa. Nimesomesha miaka mingi, najua kanuni zikizidi tatu hazikumbukwi. Basi natoa tatu.

Kwanza, usiufuate mzigo kwa kupitia mesiji iliyokuletea habari. Fungua mwenyewe tovuti ya posta, andika namba ya mzigo uliyopewa na aliyetuma. Huna namba? Mpigie aliyetuma. Ni kweli ushuru wa forodha upo, na ndiyo maana uongo huu unaingia akilini; lakini ushuru wa kweli utauona huko huko kwenye tovuti. Uingereza, posta ya Royal Mail huacha kadi ya kijivu mlangoni panapokuwa na ada ya kulipa. Marekani, posta ya USPS haikuletei mesiji yenye linki. Ukiambiwa ujibu "Y" kwanza ndipo linki ifunguke, jua ni mtego: simu yako imeizuia ile linki, na tapeli anataka uifungue wewe.

Pili, isome anuani kama tunavyosoma Kiarabu, kutoka kulia. Itazame sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, uanze mwisho wake. Posta ya Oman ni omanpost.om. Jina la posta likiwa mwanzoni, na mwisho pana maneno mengine usiyoyajua, hiyo si posta. Wala usitegemee jina la aliyetuma, maana matapeli wanaweza kuliiga hata mesiji yao ikaingia chini ya mesiji za kweli za posta.

Tatu, namba ya siri isome pamoja na maneno yake. Jirani yangu alinionyesha simu yake baadaye. Benki ilikuwa imeandika wazi: riyali 340, na jina la duka la nchi ya mbali. Yeye aliziona zile tarakimu sita tu.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko hizo pesa. Mama yule alikaa siku mbili hajamwambia mtu, anaogopa wanawe watasema amezeeka. Katika siku hizo mbili kadi ilikatwa tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Angesema saa ile ile, kadi ingefungwa saa ile ile.

Hapa nasema na nyinyi vijana. Wazee wenu wengi waliorudi kutoka Unguja, Pemba na Mombasa wanasoma Kiswahili vizuri, na mesiji hizi huja kwa Kiingereza au Kiarabu. Bibi akikuletea simu akuulize, usimjibu kwa kukereka. Ukimwambia "si nilikwambia", mara ya pili hakuulizi, atabonyeza peke yake.

Aliyekwisha kuingia mtegoni apige benki mara moja kwa namba iliyo nyuma ya kadi, aifunge kadi, kisha aende polisi. Walioko Uingereza na Marekani waipeleke mesiji ile kwa namba 7726. Na akitokea mtu kupiga simu kusema atakurejeshea pesa zako, kata. Mara nyingi ni wale wale wamerudi.

Ijumaa hii, watu wakishakusanyika kwenye sinia, wekeni sharti moja la nyumba: hakuna anayelipia mzigo kwa simu mpaka amwonyeshe mwengine. Na anayeulizwa, ajibu kwa upole.