Ufadhili wa mbio si fadhila

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuseme wazi.

Hapa Buja kijana mkimbizi akionekana ni mkimbiaji mzuri, wanamwambiaga: "Komaa na mbio, Mungu akipenda utapata chuo Marekani. Mambo ya pesa usiulize, wataona huna shukrani." Sisi tunakataa. Aulize, tena mapema.

Mlango upo kweli. Gilbert Tuhabonye, Mrundi aliyenusurika moto wa Kibimba mwaka 1993, alisoma na kukimbia Abilene Christian University, Texas. Lakini ile haikuwa sadaka. Alikilipa chuo kwa miguu yake.

Kabla yake Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Chuo kikapata sifa. Yeye, kwa sheria za wakati ule, alikuwa mwanamichezo wa ridhaa, yaani asilipwe. Ridhaa ya nani?

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kiliruhusu ufadhili wa michezo mwaka 1956. Miaka hiyohiyo kikaanza kumwita mchezaji "mwanafunzi-mwanamichezo". Mkuu wake, Walter Byers, alikuja kueleza mwenyewe kitabuni: jina hilo lilitengenezwa ili mchezaji asihesabiwe mfanyakazi, akiumia asidai fidia. Mwaka 1973 ufadhili ukafanywa wa mwaka mmoja mmoja. Kocha akikuchoka, mwakani huna kitu. Siku hizi chuo kinaweza kutoa wa miaka mingi, ila siyo wote wanapewa. Na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini mgeni bado anabanwa na viza ya masomo.

Sisi wa kambini mchezo huu wa majina tunaujua. Mtu anafanya kazi kutwa, anaitwa wa kujitolea, anapewa motisha badala ya mshahara. Wakishakubadilisha jina, malipo nayo yanapungua.

Basi ndugu wa mashirika, mkituletea fomu ya ufadhili, mtuletee na majibu. Ni wa miaka mingapi? Nikivunjika mguu, hospitali analipa nani? Nikiacha mbio, nitaendelea kusoma? Na wewe mkimbiaji, usisaini kabla hujajibiwa. Kushukuru tutashukuru. Lakini aliyelima haombi samahani akidai mavuno.