Wafao Wakiokoa Wengine

Uonapo lori la chakula cha msaada likielekea kambini, je, humfikiria dereva?

Agosti 19, 2003, bomu lililotegwa ndani ya lori lililipuka kwenye Canal Hotel, makao ya Umoja wa Mataifa mjini Baghdad, Iraq. Watu 22 waliuawa, akiwemo mkuu wao, Sergio Vieira de Mello wa Brazil. Mwaka wa 2008 Baraza Kuu la umoja huo likaitenga tarehe hiyo kuwaenzi wahudumu wa misaada.

Jina la mkubwa halisahauliki. Lakini wengi wa wanaouawa ni wenyeji: madereva, wauguzi, walinzi. Nao wana watoto wanaodaiwa karo. Basi tukiwakumbuka, tuulize pia: yatima wao wanalelewa na nani?